Fumbeni Macho, Waheshimiwa

Sura ya Sita

Mjane alimpokea Inspekta mlangoni na hakumkaribisha hata kiti.

"Kesho asubuhi mnampandisha kitinda mimba wangu kizimbani," alisema. "Mnasema kamsukuma baba yake ngazini. Wewe mwenyewe, mwanangu, unaamini?"

Inspekta alijibu vile askari wanavyojibu wakibanwa, kwamba kuamini si kazi yake, kazi yake ni ushahidi. Na ushahidi ulikuwepo, tena wa kutosha. Mwandishi, mzee wa riwaya za upelelezi ambaye nusu ya mji walimsoma na nusu iliyobaki walijifanya wamemsoma, alikutwa chini ya ngazi ya nyumba yake, shingo imevunjika. Mwanawe wa mwisho alikuwa amempakata, shati limelowa damu. Asubuhi ya siku hiyo majirani waliwasikia wakigombana. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alisikia kishindo wakati king'ora cha kiwanda hakijanyamaza sawasawa. Na juu ya yote hayo kulikuwa na mtu aliyemwona kijana kwa macho yake akiingia kwa mlango wa nyuma, king'ora hicho hicho kikilia.

"Alikwenda kununua mkate," mjane alisema.

"Muuza mkate hakumbuki alimwona saa ngapi."

"Muuza mkate yule hakumbuki hata amezaa watoto wangapi. Njoo huku."

Alimpeleka mpaka nyuma, kwenye mlango mdogo wa mbao unaofungukia uani. Akamwambia aufungue. Inspekta akasukuma, mlango ukakataa. Akasukuma kwa bega, wapi! Mjane akamsogeza pembeni, akaushika mlango kwa mikono miwili, akaunyanyua kidogo kama mtu anayemnyanyua mtoto mzito, ndipo ukakubali.

"Bawaba imekufa siku nyingi," alisema. "Anayeujua mlango huu lazima auinue kwanza. Mwanangu ana bega bovu tangu alipoanguka na pikipiki. Hata ndoo ya maji hainyanyui. Sasa huyo shahidi wako aliyemwona akipita hapa ni nani?"

"Unamjua, mama. Ni Kurunzi."

Mjane alipangusa mikono kwenye kanga, ingawa haikuwa michafu.

"Kurunzi ni ndugu wa nyumba hii," alisema mwishowe. "Alikuwa akipita mlango huu huu kuja kunywa chai na marehemu. Akisema kaona, mimi ni nani nibishe? Ila nikuulize jambo moja tu. Umeshasimama pale aliposimama yeye?"

Inspekta hakuwa amesimama. Swali lilimchoma, maana lilikuwa la kweli, na tena lilikuwa swali la siku ya kwanza kazini.

Akiwa anaondoka mjane alimwita tena. "Marehemu hakuwa na raha siku zake za mwisho. Alikuwa akisema, vitabu kumi nimebuni, hiki cha mwisho nataka kiwe cha kweli hata wakinichukia. Nikamuuliza nani atakuchukia? Akainama kwenye daftari lake."

*

Sasa huyo Kurunzi ni nani hata neno lake litoshe kumfunga mtoto wa watu? Ngoja nikueleze, ujue kwa nini Inspekta alifanya uzembe ambao hakuwahi kuufanya kwa mtu mwingine.

Kurunzi alikuwa sajenti wa upelelezi, sasa mstaafu. Ndiye aliyempokea Inspekta akiwa askari mbichi asiyejua hata kushika kalamu ya maelezo, akamfundisha kazi mpaka akaiva. Alimfundisha kutazama viatu kabla ya uso. Alimfundisha kwamba ukimbana mtu kwa jambo asilolijua atakuuliza "kivipi?", na ukimbana kwa jambo analolijua atakuuliza "nani kasema?" Siku baba mzazi wa Inspekta alipofariki, Kurunzi ndiye aliyebeba jeneza upande wa mbele. Mwandishi naye alikuwa rafiki wa Kurunzi wa kufa na kuzikana. Alimchukua mzima mzima, na koti lake la kahawia na tochi yake, akamtia kwenye riwaya, akamwita Inspekta Kurunzi. Vitabu vikapendwa, jina likaganda, la kuzaliwa likasahaulika. Na yule askari wa kike aliyekuwa akimfuata nyuma, huyu Inspekta wetu, akaingizwa humo pia, akaitwa Koplo Sindano, kwa kuwa hakuna kitu kidogo kilichompita. Inspekta alijidai sana na jina hilo. Nani asingejidai?

Baada ya kustaafu Kurunzi alianzisha matembezi. Kila alasiri aliwakusanya wageni, akawapitisha kwenye vichochoro vya mji wa kale, akiwaonyesha mahali pote panapotajwa kwenye riwaya. Na siku ya kifo cha Mwandishi alikuwa na kundi lake uani, nyuma ya nyumba ile ile, akiwasomea. Alikuja mwenyewe ofisini kutoa maelezo. Inspekta alimmiminia chai, akaandika kila alichosema, akampigia saluti akitoka. Angekuwa mtu mwingine angemburuta mpaka uani akamwambia nionyeshe uliposimama. Lakini unamburutaje mtu aliyembeba baba yako?

Basi alasiri hiyo, bila sare, akiwa na mkoba begani kama mgeni yeyote, akaenda kujiunga na matembezi.

*

Walikuwa wachache. Palikuwa na maharusi wawili waliokuwa hawaachani mikono hata njia ikiwa nyembamba. Palikuwa na mzee mmoja mwenye mwavuli, ingawa mbingu ilikuwa nyeupe, na mwanamke wa makamo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, aliyejitambulisha kuwa mwalimu wa fasihi.

"Mimi hii ni mara yangu ya pili," mwalimu alimwambia Inspekta. "Ya kwanza ilikuwa siku ile ile ya msiba. Hebu fikiria! Tumetoka hapo, jioni nasikia redioni mwenyewe kafa."

Inspekta alitaka kumuuliza zaidi, ila Kurunzi alikuwa ameshatokea. Koti la kahawia, kofia imekaa upande, kipaza sauti kidogo shavuni na spika ya kiunoni isiyozidi tofali. Alitembea kinyumenyume, uso kwa wageni, mgongo kwenye njia, na hakukanyaga shimo hata moja. Alikuwa akiwavuta wageni upande wa kivuli na kujiachia yeye jua.

"Hapa palikuwa kituo cha polisi," alisema mbele ya duka la viatu. "Kurunzi wa kitabuni alianza kazi hapa kwa kumkamata jambazi. Kurunzi wa kweli, yaani mtumishi wenu, alianza kwa kufagia."

Wakacheka. Ndipo macho yake yalipomwangukia Inspekta. Akashtuka? Kama alishtuka, ilikuwa kufumba na kufumbua. Akapanua mikono.

"Lo! Waheshimiwa, leo mna bahati ya mtende. Mnamwona dada huyu? Huyu ndiye Sindano mwenyewe! Si wa kitabuni, wa nyama na damu. Binti yangu huyu, nimemlea mwenyewe."

Bi harusi aliruka. Akataka picha, akapigwa picha. Mwenye mwavuli akampa Inspekta mkono na kuusahau mkono wake humo humo. Inspekta alitabasamu, ila swali la mjane halikumtoka.

Wakafika kwenye duka la sonara, ambalo sasa linauza simu. Kurunzi akasimulia. Sonara aliuawa kwa nyundo yake mwenyewe, na kila mtu alijua kwamba fundi wake mdogo, mwanagenzi wa pale dukani, alikuwa na kinyongo naye. Lakini kujua si kuthibitisha. Kwa siku nyingi nyundo haikuonekana. Kisha Sindano akaiokota, kijana akafungwa maisha, na Mwandishi akapata riwaya yake ya kwanza.

"Na yule kijana yuko wapi sasa?" mwenye mwavuli aliuliza.

"Alifia gerezani," alisema Kurunzi. "Homa. Twendeni, waheshimiwa, jua halingoji mtu."

Inspekta alimkumbuka yule kijana. Alimkumbuka kizimbani, amevaa shati la kuazima, akimtazama yeye na si hakimu. "Dada," alikuwa amemuuliza, "kweli nyundo uliiona mwenyewe?" Naye, askari mdogo, kifua mbele, akajibu mbele ya mahakama nzima: "Kwa macho yangu mawili."

*

Uani palikuwa na viti vya mawe vilivyopangwa nusu duara na kisima kilichofunikwa. Ukutani, mbele ya viti, ulikuwapo ule mlango mdogo wa mbao wenye bawaba iliyokufa.

"Hapa ndipo penye utamu," alisema Kurunzi. "Marehemu aliandika sura ya mauaji akiwa amekaa uani hapa. Mimi nitawasomea, na nyinyi mtafumba macho. Tafadhali, waheshimiwa, fumbeni kweli kweli. Anayechungulia hasikii."

Wakafumba. Bi harusi alimziba mumewe macho kwa kiganja ili asidanganye. Kurunzi akafungua kitabu, akasimama mbele yao, akaanza.

Sauti yake! Hata Inspekta, aliyeizoea ikimkemea, alisisimka mwili. Alifumba macho kidogo kisha akaacha upenyo mwembamba kwenye kope, mchezo aliofundishwa na msomaji mwenyewe. Akatazama aliposimama. Kurunzi alikuwa amewaelekea wageni, kama kiongozi yeyote wa wageni anavyopaswa, na mgongo wake ulikuwa kwenye mlango. Mlango ulikuwa nyuma yake kabisa, hatua chache, juu ya bega lake la kushoto. Ili amwone mtu anayeingia pale ingebidi awageuzie watu mgongo katikati ya kusoma. Na Kurunzi huyu alikuwa ametembea mji mzima kinyumenyume ili asiwape watu mgongo.

Labda siku ile aligeuka, Inspekta alijiambia. Mtu hugeuka. Alimtafutia udhuru kama mama anavyomtafutia mwanawe.

Kisha king'ora cha kiwanda kikalia.

Kilikuwa kikali, cha kutoboa masikio. Kurunzi akakata katikati ya sentensi. Akainua kidole kimoja juu, akasubiri, macho yake yametulia kwenye ukurasa, mpaka king'ora kikafa chenyewe na mwangwi wake ukaisha. Ndipo akarudi nyuma maneno machache, akaendelea kana kwamba dunia haikuwahi kumkatiza. Wageni hawakufumbua macho. Alipomaliza wakashangilia.

Walipokuwa wakitoka uani, mwalimu wa fasihi alimshika Inspekta mkono.

"Afadhali nimerudi," alinong'ona kwa furaha. "Leo nimeisikia yote. Siku ile nilikosa aya niipendayo kuliko zote, pale muuaji anapouinua mkono. King'ora kikaimeza."

"Kikaimeza vipi?"

"Si kililia! Na mzee wa watu hakungoja, alipitiliza tu. Kinalia, naye anasoma. Nilikereka, nikasema kumbe na yeye ana siku za uvivu."

Inspekta alipunguza mwendo. "Macho ulikuwa umefumba?"

"Alivyotusihi vile? Nilifumba mpaka mwisho."

"Na ulipofumbua alikuwa wapi?"

"Pale pale mbele yetu. Anahema, anajipangusa jasho usoni kwa leso. Nikasema maskini, mzee anajitoa kwa kazi yake. Kwani kuna nini, dada?"

"Hakuna, mwalimu," alisema Inspekta. "Hakuna kitu."

Kulikuwa na kila kitu. Mtu akisoma kwa mdomo wake hangoji kuambiwa: king'ora kikilia ananyamaza, kwa sababu hata yeye mwenyewe hajisikii. Kinachosoma juu ya king'ora ni kile kisicho na masikio. Aliitazama ile spika ikining'inia kiunoni mwa Kurunzi, mbele ya kundi. Watu kadhaa wamekaa wamefumba macho, sauti iliyorekodiwa inaendelea kutoka kwenye spika iliyoachwa juu ya kisima, na mwenye sauti ameuinua mlango kwa mikono miwili kama mtu wa nyumbani. Kisha akarudi, akawahi kusimama mahali pake kabla ukurasa haujaisha. Kila mgeni angekula yamini kwamba hakuondoka.

Na hakuna mgeni aliyewahi kuulizwa, kwa sababu Inspekta alikuwa amemmiminia Kurunzi chai.

Alisimama nyuma ya ukuta akapiga simu kituoni. Koplo wa zamu akapokea.

"Yule kijana wa Mwandishi asipelekwe popote kesho mpaka nifike mimi," alimwambia. "Mtoe mahabusu, mkalishe ofisini kwangu, mpe chai. Na umpigie mama yake."

"Kuna nini, afande?"

"Niletee gari kwenye tanuri la zamani la mikate. Wewe mwenyewe, usimtume mtu."

*

Kituo cha mwisho cha matembezi kilikuwa hapo hapo, nyuma ya tanuri la zamani la mikate, kwenye mfereji uliozibwa kwa chuma, ambamo nyundo ya sonara iliokotwa. Wageni walikuwa wamekwisha kuinama kuutazama, na bwana harusi alikuwa akipiga picha chuma kile kana kwamba nyundo ingali ndani.

"Na hapa," alisema Kurunzi, "sitasema mimi. Tunaye mwenyewe. Sindano, waambie waheshimiwa."

"Tuambie, dada!" alisema bi harusi. "Polisi wote walitafuta wakaikosa. Wewe uliionaje?"

Inspekta alifungua mdomo kusema yale aliyoyasema miaka yote, kwenye sherehe za kupandishwa vyeo, kwenye redio, kwa watoto wa dada yake. Badala yake aliiona jioni ile, matope, askari wamechoka wanataka kurudi nyumbani. Aliuona mwanga wa tochi ukipita juu ya mfereji na kusimama. Haukutangatanga. Ulisimama mahali pamoja kama mtu aliyefika kwake. Na sauti nyuma yake ikisema, hebu inama pale, binti yangu, wewe una macho makali kuliko sisi wazee.

Miaka yote alidhani amesifiwa, kumbe alivishwa kilemba cha ukoka.

"Niliiona pale nilipoonyeshwa," alisema.

Wageni walisubiri zaidi. Kurunzi alicheka kidogo kuokoa jahazi, akawaambia watazame ukuta wa tanuri, kuna maandishi ya zamani huko, yanasomeka kwa karibu. Wakasogea. Inspekta akamkaribia.

"Afande, king'ora kikilia unasoma, huwa unafanyaje?"

"Umeniona. Nangoja. Anayeshindana na king'ora ni mpumbavu."

"Siku aliyokufa Mwandishi hukungoja."

"Nani kasema?"

Lilimtoka upesi kabla hajaling'ata. Wakatazamana. Wote wawili walilijua somo hilo, mmoja alilifundisha na mwingine alilihitimu. Mkono wa Kurunzi ukapanda taratibu mpaka shavuni, akazima kipaza sauti. Inspekta aliusikia ule mlio mdogo wa swichi, na moyo wake ukavunjika hapo hapo, maana mpaka dakika ile kulikuwa na kapembe kalikokuwa kakimtetea.

"Alikuwa ananiua, Sindano," alisema Kurunzi kwa sauti ya chini. "Miaka yote nimempa maisha yangu ayauze. Kisha uzeeni ananiambia, kwenye chai, kitabu cha mwisho atasema nyundo niliiweka mimi. Siri niliyompa kama rafiki! Kikulacho ki nguoni mwako."

"Uliiweka?"

"Kijana yule alikuwa muuaji. Nilijua."

"Sikukuuliza ulijua nini. Uliiweka?"

Kurunzi alikitazama chuma cha mfereji.

"Kwa nini mimi?" aliuliza Inspekta. "Askari walikuwa wengi jioni ile. Kwa nini ulinituma mimi?"

"Mimi hakimu alishanizoea. Wewe ulikuwa na uso wa mtoto. Ukisema umeona, nani angekataa?" Akainua macho, na, ajabu, yalikuwa na upendo ndani. "Na nikakulipa, binti yangu. Nimekufanya mtu. Nimekulea."

"Hukunilea, Afande. Ulinifuga."

Alipepesa macho kama aliyezabwa kofi.

"Na huyu wa sasa?" aliuliza Inspekta. "Kitinda mimba wa rafiki yako. Umembeba mgongoni akiwa mdogo. Naye ulikuwa unamwacha aoze ndani?"

"Hana kazi, hana mke, kila siku anagombana na babaye. Watu walikuwa wameshaanza kumtazama. Mimi niliwaonyesha tu."

Alisema hivyo kwa utulivu, vile alivyokuwa akisema kazini, na Inspekta akajua kwamba hata sasa hivi mzee huyu alikuwa akimfundisha kazi. Machozi yakamjaa. Hakuyapangusa. Akanyoosha mkono.

"Naomba hiyo spika."

"Haina kitu."

"Hujafuta. Ungeifuta siku ile ile kama ungekuwa mtu mwingine, lakini wewe unaipenda sauti yako. Lete."

Alipoona hajongei, akaifungua mwenyewe kutoka kiunoni mwake, akabonyeza kitufe. Sauti ikatoka, nzito, tamu, ile ile ya uani, ikisoma sura ya mauaji bila kukwama, bila kungoja kitu chochote duniani. Wageni wakageuka. Kurunzi alikuwa amesimama mbele yao midomo imefungwa, na Kurunzi alikuwa akisoma.

"Heee!" alisema mwenye mwavuli. "Kumbe anaweza kusema na mdomo umefungwa!"

Gari la polisi liliingia kichochoroni na kusimama. Koplo akashuka, akamwona aliyesimama na Inspekta, akapiga saluti kwa mazoea, kisha hakujua aushushe vipi mkono.

Inspekta alitoa pingu. Kurunzi akamsogelea mpaka akaisikia pumzi yake.

"Sindano. Waambie wafumbe macho," alinong'ona. "Wasinione hivi. Nakuomba, binti yangu. Hilo tu."

Kwa muda mfupi alikaribia kulisema. Lilikuwa jambo dogo, maneno matatu, na mtu huyu alimbeba baba yake. Kisha akamkumbuka yule kijana mwenye shati la kuazima akimuuliza swali lake kwa adabu, dada, kweli uliiona mwenyewe, kama mtu anayempa nafasi ya mwisho.

"Waheshimiwa," alisema kwa nguvu. "Tazameni."

Akamfunga pingu mikono yote miwili, akamtajia jina lake la kuzaliwa, lile ambalo hakuna aliyelijua pale, akamwambia anamkamata kwa kumuua Mwandishi, na kwamba jingine, la mwanagenzi wa sonara, litafuata.

Bwana harusi akaanza kupiga makofi. Mwenye mwavuli akafuata, akaugonga mwavuli chini. Na Kurunzi, pingu mkononi, kwa mazoea ya miaka, akainamisha kichwa kuwashukuru. Mwalimu wa fasihi peke yake hakupiga. Alikuwa ameivua miwani, ameiziba midomo yake kwa mkono.

"Huu mwisho wameubadilisha, kitabuni haupo," bi harusi alimwambia mumewe, bado akipiga makofi. "Na huyu dada naye anajua kuigiza! Hebu mtazame, mpaka machozi."